Dripu Kwenye Fimbo ya Pazia

Nilipanda ngazi hadi orofa ya nne, mtaa wa Donholm, Nairobi, thamosi ya uji wa wimbi mkono mmoja na pakiti ya nepi mkono mwingine. Nikamkuta mdogo wangu amelala ubavu, mtoto ananyonya, na mkono wake wa kushoto umenyooshwa juu ya mto kama wa mtu anayepimwa nguo. Mfuko wa dripu ulikuwa umefungwa kwenye fimbo ya pazia kwa ukanda wa gauni lake la kulalia. Ilikuwa siku ya tano tangu ajifungue. Mama mkwe wake, ambaye sote tulianza kumwita Shosho siku mtoto alipozaliwa, alinipokea kwa uso wa kuridhika.

"Daktari amekuja," akasema. "Amemwekea nguvu."

Daktari mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alikuja kwa bodaboda, akachoma, akatundika, akalipwa elfu tatu na mia tano kwa M-Pesa, akasema mfuko ukiisha apigiwe simu aelekeze jinsi ya kuchomoa. Nikausogelea mfuko nikasoma maandishi yake: dekstrosi, asilimia 5, mililita 500.

Dekstrosi ni sukari. Asilimia 5 ni gramu 5 katika kila mililita 100, kwa hiyo mfuko mzima ulikuwa na gramu 25. Soda ya nusu lita ina sukari kama maradufu ya hiyo. Ukipima kwa nguvu za chakula, mfuko ule ulikuwa sawa na kipande kimoja cha mkate, tena bila siagi. Thamosi niliyoshika ilikuwa na zaidi. Sikusema kitu, kwa kuwa Shosho ndiye aliyelipa.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi, hasa na marafiki wanaokaribia kujifungua, kama dripu ya nyumbani ni nzuri au ni hatari. Swali lenyewe halijibiki lilivyo. Dripu si dawa, ni njia ya kufikisha kitu kwenye damu. Kuuliza kama dripu ni nzuri ni kama kuuliza kama matatu ni nzuri kabla hujajua inaenda Rongai au Githurai. Cha kuulizwa ni kilichomo ndani ya mfuko, na ni nani aliyegundua kwamba mama anakihitaji.

Kwa nini mambo haya yanahamia nyumbani

Huduma hii haikuzuka kwa sababu akina mama wa Nairobi wamekuwa wavivu wa kwenda hospitali. Kujifungua hospitalini sasa ndiyo kawaida: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 82 ya watoto nchini Kenya huzaliwa katika vituo vya afya. Lakini mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila tatizo huruhusiwa kuondoka baada ya siku moja hivi. Shida nyingi za baada ya kuzaa hazina haraka hiyo. Homa ya mfuko wa uzazi, presha inayopanda, kidonda cha upasuaji kinachoanza kutoa maji, kizunguzungu cha damu iliyopungua, vyote hivi hupenda kubisha hodi siku ya tatu, ya tano, ya kumi. Vinamkuta mama yuko nyumbani.

Na kumrudisha hospitali si jambo jepesi. Kuna mshono, na mwanamke mwenye mshono anayepelekwa kwa teksi kwenye Outering Road saa mbili asubuhi analihesabu kila tuta. Kuna mtoto mchanga wa kubebwa, foleni ya kupanga, na mume ambaye ruhusa yake kazini imeisha. Muuguzi anayekuja mlangoni ni nafuu ya kweli. Mimi si mmoja wa wanaodai kila sindano lazima ichomwe hospitalini.

Maji

Dripu ya maji na chumvi ilianza na kipindupindu. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta, wa mji wa Leith huko Uskoti, alianza kuwatilia wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Walikuwa watu waliokauka kwa kuharisha na kutapika kiasi kwamba hakuna kilichokaa tumboni. Kanuni yake bado inasimama: mshipa hutumika pale ambapo mdomo na tumbo vimeshindwa, au pale ambapo kasi inayohitajika haiwezi kupatikana kwa kunywa.

Mfuko wa kawaida wa salaini wa mililita 500 una gramu 4.5 za chumvi, chini ya kijiko kimoja cha chai, na yaliyobaki ni maji safi. Mama anayetapika kila anachokunywa, au anayeharisha sana, mfuko huo unaweza kumfaa. Mama anayekunywa chai, supu na uji, na akapata haja ndogo kama kawaida, utumbo wake unaifanya kazi hiyo kwa bei nafuu na bila kutobolewa ngozi. Hata kwenye kuharisha, kama anaweza kumeza, pakiti ya chumvi za kuongeza maji mwilini kutoka duka la dawa ndiyo huanza.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mwanamke aliyetoka kujifungua ana maji ya ziada mwilini, hana upungufu. Katika ujauzito mwili hulimbikiza maji lita kadhaa, na baada ya kuzaa unaanza kuyatoa. Ndiyo maana mama huenda haja ndogo mara nyingi na kuamka usiku nguo zimelowa jasho. Shosho alikuwa akibadilisha shuka kila asubuhi huku akisikitika kwamba mtoto wa watu anaisha maji. Kumbe mwili ulikuwa unapunguza mzigo, na sisi tunauongezea kwa mfuko uliotundikwa dirishani.

Vipi kuhusu maziwa? Hii ndiyo sababu inayotajwa zaidi: awekewe maji maziwa yatoke. Maziwa huitwa na mtoto anaponyonya. Kadiri titi linavyonyonywa na kumalizwa, ndivyo ubongo unavyotoa amri ya kutengeneza mengine. Mama anywe kwa kiu yake, awe na kikombe karibu kila anaponyonyesha. Kuzidisha maji kupita kiu hakuongezi maziwa, wala mfuko wa dripu hauongezi. Ila mtoto asiyeshika titi vizuri huyapunguza haraka, na tatizo hilo linahitaji mtu wa kuketi naye nusu saa kumrekebisha anavyonyonya. Nusu saa hiyo ndiyo ningeilipia.

Mahali ambapo maji ya mshipa huokoa maisha kweli ni kwenye kutoka damu baada ya kuzaa, na hapo hayaendi peke yake. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima kiasi cha damu inayotoka kwa mfuko maalumu, kisha kufanya yote kwa pamoja, yaani kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa ya kuubana, kutoa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, kuweka dripu na kumchunguza mama, hupunguza kwa asilimia 60 uvujaji mkubwa wa damu na madhara yake. Dripu ni moja tu katika furushi hilo. Kwa hiyo mama anayelowesha pedi nzima ndani ya saa moja hasubiri muuguzi wa nyumbani. Anapelekwa hospitali, na kama kuna wa kumwekea dripu, aiweke gari likisubiri.

Chuma

Hapa ndipo dripu ina hoja nzuri kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo watu hawaiulizii.

Tuanze na hesabu. Kila gramu ya hemoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa safi katika damu, ina takriban miligramu 3.4 za madini ya chuma. Mama mwenye hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita akipoteza lita moja ya damu, amepoteza gramu 100 za hemoglobini, na ndani yake miligramu 340 za chuma. Kidonge anachopewa kliniki, kile chenye chuma na asidi ya foliki, kina miligramu 60 za chuma. Utumbo hauchukui zote. Ukichukua moja kwa kumi hadi moja kwa tano, mama anaingiza miligramu 6 hadi 12 kwa siku. Gawanya 340 kwa hizo: ni mwezi mmoja hadi miezi miwili ya kurudisha kilichomwagika katika asubuhi moja, akiwa hakosi siku hata moja. Na kukosa anakosa, maana vidonge hivyo hufunga choo, na mwanamke mwenye nyuzi chini hataki kusikia habari ya kufunga choo.

Chuma cha mshipani huruka utumbo. Aina moja, chuma sukrosi, hutolewa miligramu 200 kwa mara moja, kwa hiyo mama hurudi mara kadhaa. Nyingine, feri kaboksimaltosi, inaweza kutolewa hadi miligramu 1,000 kwa kikao kimoja kisichopungua robo saa, ila bei yake si ya kila mfuko. Zote ni za rangi ya kahawia nzito, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mtu akikuwekea dripu nyeupe kama maji akakwambia ni ya kuongeza damu, basi ameweka maji.

Wala chuma hakimwinui mama siku hiyo hiyo. Mfupa unahitaji muda wa kutengeneza chembe mpya, na hemoglobini huanza kupanda kwa kuonekana baada ya wiki moja hivi, ikaendelea kwa wiki kadhaa. Ukisikia mtu akisema aliwekewa dripu asubuhi, jioni akafua nguo za mtoto, jua kilichomwinua ni kitu kingine, labda ni zile saa nne alizolala kwa sababu dripu ilimzuia kuinuka na watu wakamwacha. Mimi nadhani pumziko hilo ndilo dawa kubwa katika mifuko mingi ya Nairobi.

Kabla ya chuma cha mshipa lazima damu ipimwe. Weupe wa kiganja na kope unaweza kumshtua mtu, lakini hautoi namba, na mama anayechoka baada ya kuzaa ana sababu nyingi za kuchoka, ya kwanza ikiwa ni mtoto. Hemoglobini ikiwa imeshuka chini ya 7 na mama anahema na moyo unapiga mbio, mazungumzo yanahamia kwenye kuongezwa damu, na hiyo ni kazi ya wodini, si ya sebuleni.

Tena kuna mzio. Hutokea kwa nadra, lakini ukitokea ni wa dakika. Ndiyo maana anayetoa chuma lazima awe na adrenalini, sindano ya dharura ya mzio, pale pale, si kwenye duka la dawa la chini ya ploti, na amkalishe mama kwa nusu saa baada ya dripu kuisha. Ndiyo maana pia vituo vingi hupendelea mama aje kliniki kwa dawa hii, na mimi nakubaliana navyo. Hata sindano ikitoka nje ya mshipa, chuma kikivuja chini ya ngozi huacha doa la kahawia linaloweza kukaa miaka, au lisitoke kabisa.

Kwa wanaotumia vidonge, ambao ndio wengi na inawatosha, kuna adui mmoja asiyeshukiwa katika nyumba zetu: chai. Tanini iliyomo kwenye majani ya chai hukishika chuma kikapita bila kuchukuliwa. Kunywa kidonge na chai ya maziwa ni kukipeleka chooni kwa adabu. Kinywe kwa maji, na chungwa au maji ya ndimu, chai isogee saa moja au mbili. Njahi ziendelee, supu iendelee.

Dawa ya kuua vijidudu

Kumtibu mtu kwa antibiotiki za mshipani akiwa nyumbani si mzaha wa mtaani. Madaktari wa Marekani waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1974, kwa watoto wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi, na tangu hapo nchi nyingi zimelijenga likawa huduma kamili. Baadhi ya dawa zimerahisisha kazi: seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba mara nyingi hutolewa mara moja kwa siku, na inayoingia kwenye maziwa ya mama ni kidogo, kwa hiyo ananyonyesha.

Kinachosahaulika ni mpangilio. Katika huduma hiyo mgonjwa huanzia hospitalini. Chanzo cha maambukizi kinajulikana, dozi ya kwanza ametiliwa mbele ya watu wanaoweza kushughulikia mzio, homa imeanza kushuka, anakula, presha imetulia. Nyumbani anamalizia. Kwa mfano mama wa upasuaji ambaye kidonda kilipata maambukizi, akalazwa siku tatu, amebakiza siku nne za sindano: huyo kumwacha kitandani kwake Umoja badala ya wodini ni akili.

Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume. Mama ana homa, anapigiwa mtu simu, anakuja na dripu na chupa ya seftriaksoni, anatia, anaondoka. Homa inashuka siku mbili. Ndani, pengine kipande cha kondo la nyuma kimebaki na kinaoza, na hakuna sindano itakayokitoa. Maambukizi ya mfuko wa uzazi, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hutibiwa kwa klindamisini pamoja na jentamisini, dawa ambazo zinataka kuangaliwa, na jentamisini hasa inataka mtu anayejali figo. Homa ya nyuzi 38 na zaidi kwa mama aliyejifungua, damu ya nifasi yenye harufu mbaya, maumivu ya chini ya tumbo yanayozidi, baridi ya kutetemeka: hayo hayatibiwi kwa kubahatisha nyumbani hata kwa dripu ya bei gani.

Dripu za vitamini zinazouzwa kwa majina matamu, za kung'arisha ngozi na "kurejesha mwili" baada ya kujifungua, nitazipitia kwa sentensi moja: mama anayekula hahitaji vitamini za mshipani, na nyingi humaliza safari yake kwenye mkojo wa rangi ya manjano iliyokolea.

Mama ambaye maji humzamisha

Sasa tufike kwenye sababu iliyonifanya niandike makala haya.

Presha ya mimba haiishii leba. Baada ya kujifungua presha inaweza kupanda tena, na mara nyingi hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mama ameshafika nyumbani na wageni wanaleta sukari na sabuni. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke ambaye mimba haiko tena. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kisichosikia dawa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba. Ziangalie tena dalili hizo kwa jicho la Shosho: kichwa kinauma, macho yanaona giza, hana nguvu. Atasema nini? Atasema aongezwe maji.

Kwa mama huyo mishipa midogo inavuja. Maji unayoyatia hayakai ndani ya mshipa, yanapenya, na sehemu mojawapo yanakokwenda ni mapafuni. Hata hospitalini, mama mwenye hali hii hupimiwa dripu kwa uangalifu mkubwa. Presha ya 140 kwa 90 inahitaji kuonwa na daktari siku hiyo, na 160 kwa 110 ni dharura.

Wa pili ni mama mwenye moyo uliochoka. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaozuka kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua moyo. Moyo unatanuka na kusukuma kwa unyonge. Anachoka, miguu inavimba, anapanda ngazi moja akihema, na usiku anaomba mito miwili, mitatu, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Hilo la mito ndilo la kuulizia. Uchovu uko kwa kila mama, miguu iliyovimba iko kwa wengi, lakini kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi si jambo la uzazi. Nusu lita kwa mama huyo ni kama kumpakia mzigo punda aliyeshaanguka.

Mama wa namna hii na mama aliyechoka tu kwa kukosa usingizi, ukiwaona kitandani, hawatofautiani. Kinachowatofautisha ni kipimo cha presha, mapigo ya moyo, pumzi zikihesabiwa kwa dakika nzima, na maswali mawili matatu. Ni shughuli ya dakika kumi. Yule aliyekuja Donholm hakupima presha.

Branula, matone na kisanduku

Ukishajua mama anahitaji dripu, na inaweza kutolewa nyumbani, kilichobaki ni ufundi, na ufundi unaonekana kwa macho.

Branula, ule mrija laini unaobaki ndani ya mshipa sindano ikishatolewa, ina rangi kulingana na unene: ya waridi na ya kijani ndizo za kawaida kwa mtu mzima, ya buluu ni nyembamba zaidi. Kwa mama anayenyonyesha, iwekwe kwenye mkono asioutumia sana, na iwe sehemu isiyokunjika, maana kichwa cha mtoto hulala kwenye kiwiko. Ngozi inayozunguka branula ikiwa nyekundu, yenye joto, au mshipa ukawa mgumu kama kamba, branula itoke siku hiyo, haingoji dozi iliyobaki.

Matone nayo huhesabiwa. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Mililita 500 kwa saa nne ni matone 10,000 kwa dakika 240, yaani karibu 42 kwa dakika. Mtu yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kuhesabu. Mfuko uliopangiwa saa nne ukiisha kwa saa moja na nusu kwa sababu mtoto aligusa kidhibiti, hilo si la kufurahia kwamba umeisha haraka.

Hofu kubwa ya watu, kwa upande mwingine, ni kipovu cha hewa. Shosho alikesha na mfuko kama askari wa geti kwa kuogopa usiishe hewa ikaingia. Vipovu vidogo kwenye mrija havina madhara, na mfuko ukiisha, kwa kawaida maji husimama ndani ya mrija, kwa sababu msukumo wa damu ndani ya mshipa unayazuia. Kinachoweza kutokea ni damu kurudi nyuma kidogo na kuganda, branula ikaziba. Ni usumbufu, si kifo.

Taka ndizo hazizungumzwi kabisa. Sindano iliyotumika inatakiwa iingie kwenye kisanduku kigumu cha takataka zenye ncha, irudi kituoni ikachomwe. Iliyoachwa kwenye mfuko wa taka wa ploti inaishia kwenye jalala la Dandora, ambako kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu.

Na aliyekuja mlangoni ni nani? Nairobi kila mwenye mkoba na stetoskopu ni daktari, na hatuulizi kwa kuogopa kuonekana hatuna heshima. Muuguzi wa Kenya husajiliwa na Nursing Council of Kenya, ana nambari na ana leseni ya sasa. Afisa wa kliniki ana baraza lake. Daktari na kituo anachofanyia kazi wako chini ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Kuomba kuona leseni si matusi. Muulize ni nani aliyeandika dawa hii na baada ya kipimo gani, ana adrenalini kwenye mkoba, na usiku mama akibadilika simu hiyo itapokewa na nani. Anayefanya kazi hii kwa haki hujibu huku akiendelea kuvaa glavu. Nilimwona mmoja wa namna hiyo.

Alikuja siku mbili baada ya ile dripu ya Donholm, wakati mdogo wangu alikuwa bado anashika ukuta akienda bafuni, nguvu za siku ya tano zikiwa zimeshakwisha. Tulimpata kupitia kliniki aliyohudhuria ujauzito. Alipovua viatu mlangoni Shosho alishaanza kukiandaa kile kiukanda cha gauni. Muuguzi akamwambia, "Asante mama, hebu kwanza tumwangalie." Akapima presha: 118 kwa 76. Akahesabu mapigo, akahesabu pumzi, akamuuliza analalia mito mingapi. Akaangalia damu kwenye pedi, akabonyeza tumbo. Akamwangalia mtoto akinyonya na kumsogeza kidevu. Mwisho akatoa damu ya kupeleka maabara, kachupa kamoja kenye kizibo cha zambarau, akatupa sindano kwenye kisanduku cha manjano alichokuja nacho, akakifunga, akakirudisha kwenye mkoba.

"Na dripu?" Shosho akauliza.

"Tusubiri majibu, mama."

Jibu lilikuja kesho yake: hemoglobini 7.9. Siku iliyofuata tulimpeleka mdogo wangu kliniki saa tano, barabara zikiwa zimefunguka, akatiliwa chuma, akakaa nusu saa kwenye benchi akiangaliwa huku Shosho akimbembeleza mtoto na kuikodolea macho ile dawa ya kahawia. Alirudi bado anashika ukuta. Aliushika wiki nyingine nzima. Wiki ya nne damu ilipopimwa ilikuwa 10.8, na Shosho, ambaye sasa huwatembelea wazazi wengine wa ploti, huanza kwa kuwauliza wamepimwa ngapi kabla hajakubali kikombe cha chai.